Oxidar: kitenzi cha Kireno kilichozaliwa na nadharia iliyokosea

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa kemia na wanafunzi wa lugha mlioketi pamoja leo, na ninyi wageni wetu kutoka Msumbiji: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Niliombwa nizungumzie maneno ya sayansi katika lugha za jirani zetu. Nimechukua neno moja tu, kitenzi cha Kireno, oxidar. Wageni wetu wanakijua tangu darasani, kwa kuwa kwao kemia hufundishwa kwa Kireno. Hutamkwa "oksidar", na mkazo unaangukia silabi ya mwisho. Maana yake ya kwanza, ile anayofundishwa mtoto, ni kitu kuungana na oksijeni, kama chuma kinavyoshika kutu. Nimekichagua kwa sababu mzizi wake umebeba kosa la kisayansi la karne ya 18, na kosa lile halikukizuia kufanya kazi miaka zaidi ya 200. Naamini kisa chake kinatuhusu sisi tunaobishana kila siku jinsi ya kuunda istilahi.

Kabla ya oxidar kuwapo, Wareno walikuwa na kitenzi kingine cha jambo hilohilo, calcinar. Ndani yake mna cal, yaani chokaa, neno lililotoka katika Kilatini calx. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapa. Ameona tanuu la chokaa: matumbawe magumu yanaingia motoni, na kinachotoka ni kitu cheupe kinachosagika. Sasa chukua bati au risasi, uipashe moto kwenye hewa kwa muda mrefu. Mng'ao unapotea, juu kunafanya ukoko, na ukoko unakuwa unga. Mafundi wa zamani walipouona unga ule waliuita "chokaa ya bati", "chokaa ya risasi". Ni neno la macho. Linasema kinachoonekana, wala halidai kujua kimetokea nini.

Kilichotokea ndicho kilichowasumbua watu. Nadharia iliyotawala karne ya 18 ilisema kila kinachoungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojisto, na kwamba chuma au bati likipashwa moto flojisto hutoka na kuacha chokaa. Maelezo yalipendeza, isipokuwa mizani ilikataa. Ile chokaa ilikuwa nzito kuliko bati lenyewe. Daktari mmoja Mfaransa, Jean Rey, alikwisha kuandika juu ya uzito huo unaoongezeka mwaka 1630, na kwa zaidi ya miaka 100 kauli yake ilibaki pembeni. Kitu kinapoteza sehemu yake, halafu kinazidi uzito?

Mkemia Antoine Lavoisier, mjini Paris, aliamua kuiamini mizani. Katika jaribio lake mashuhuri aliweka zebaki ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na inchi 50 za ujazo za hewa, akaipasha moto siku 12. Juu ya zebaki zilijitokeza chembe nyekundu. Mwishoni hewa ilikuwa imepungua hadi kiasi cha inchi 42, na iliyobaki ilizima mshumaa na kumuua mnyama. Kisha alizichukua zile chembe nyekundu akazipasha moto mkali zaidi. Zikarudi kuwa zebaki na kutoa gesi iliyoufanya moto uwake kwa nguvu. Gesi hiyo Joseph Priestley alikwisha kuipata Uingereza mwaka 1774, na Carl Wilhelm Scheele huko Sweden kabla yake, ila wote wawili waliieleza kwa lugha ya flojisto. Lavoisier ndiye aliyesema kuwa zebaki haikupoteza kitu. Imechukua kitu kutoka hewani, na kitu hicho kina uzito.

Basi neno calcinar halikumtosha tena. Kama ukoko ule si chokaa, na kama tunajua sasa ni zebaki pamoja na gesi fulani, kwa nini tuendelee kuuita chokaa? Hasira ya wakemia wa wakati ule juu ya majina haikuwa ya bure. Vitabu vilijaa "siagi ya antimoni", ambayo ukiionja inakuunguza, "maua ya zinki", ambayo hayakuchanua popote, na "mafuta ya vitrioli", ambayo ndiyo asidi ya salfa tunayoiogopa maabara. Mwanafunzi alipaswa kukariri mamia ya majina yasiyohusiana. Mwaka 1787 watu wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa Paris kitabu cha kupanga upya majina yote ya kemia. Humo ndimo ulimotoka ukoo wa kitenzi chetu.

Gesi ile Lavoisier aliiita oxygène, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki: oxys, na mzizi wenye maana ya kuzaa. Hilo oxys Mswahili analielewa kuliko Mwingereza, kwa sababu sisi tuna -kali. Kisu ni kikali, na siki ni kali. Mgiriki naye alitumia oxys kwa ncha ya mkuki na kwa ladha ya siki, na siki yenyewe akaiita oxos. Kwa hiyo oksijeni, kwa maana ya aliyeiita hivyo, ni "mzaa ukali", kile kinachozalisha asidi. Lavoisier alikuwa amechoma salfa, fosforasi na kaboni, na kila mara kilichotoka kikiingia maji kilitoa asidi. Akahitimisha kuwa gesi hii imo katika asidi zote na ndiyo inayozifanya asidi.

Kisha wale wanne walihitaji jina la hali ya katikati, pale ambapo metali imechukua oksijeni lakini haijawa asidi. Walichukua kipande cha mbele cha oxygène na kipande cha nyuma cha acide, wakapata oxide. Tazameni vizuri kilichofanyika hapo. Acide ni Kilatini acidus, na wataalamu wa historia ya lugha huliweka katika mzizi mmoja wa kale na oxys ya Kigiriki, mzizi wenye maana ya ncha na makali. Vipande vyote viwili vya neno vinasema ukali. Na jambo lenyewe linalotajwa, kutu ya chuma, halina ukali hata kidogo! Kutoka nomino hiyo Wafaransa wakaunda kitenzi, na Wareno wakapata óxido na kitenzi chake, zamani kikiandikwa oxydar kwa y ya Kigiriki. Mageuzi ya tahajia ya Ureno ya mwaka 1911 yaliifuta y hiyo, yakageuza na chimica kuwa química.

Nadharia haikudumu. Asidi iliyoitwa ya muria, kutoka Kilatini muria, maji ya chumvi, ilikuwa kali kama asidi nyingine yoyote. Wafuasi wa Lavoisier walisubiri siku oksijeni itakapopatikana ndani yake. Mwaka 1810 mkemia Humphry Davy, London, alionyesha kuwa gesi ya kijani waliyoidhania ina oksijeni ni elementi peke yake, akaiita klorini. Asidi ya muria ni haidrojeni na klorini tu. Oksijeni haimo. Kwa hiyo "mzaa ukali" hazai ukali kwa asidi zote. Jina lilikuwa limekosea. Lavoisier hakuishi kulisikia hilo. Alikatwa kichwa kwa gilotini tarehe 8 Mei 1794. Lile jina la zamani, ácido muriático, bado lipo Brazil, kwenye chupa za kusafishia sakafu.

Jina lilipobainika kuwa na kosa, kwa nini halikung'olewa? Kabla sijajibu, niwapeleke Coimbra, Ureno.

Mwaka 1772 waziri Pombal alikibadilisha Chuo Kikuu cha Coimbra. Wajesuiti walikuwa wamefukuzwa Ureno tangu 1759, na katika eneo lao palijengwa maabara ya kemia, jengo ambalo leo ni makumbusho ya sayansi ya chuo hicho. Mwalimu wa kwanza aliletwa kutoka Italia, Domingos Vandelli wa Padua. Hapo ndipo alipofika kijana kutoka Minas Gerais, Brazil, jina lake Vicente Coelho de Seabra Silva Teles. Alitoka Congonhas do Campo, katika nchi ya machimbo ya dhahabu. Ilimlazimu kuvuka bahari kwa sababu Brazil haikuwa na chuo kikuu, na hata mtambo wa kuchapa vitabu Ureno haikuruhusu koloni lile liwe nao mpaka mwaka 1808, familia ya kifalme ilipohamia huko ikimkimbia Napoleon.

Seabra alikuwa na umri wa miaka kama 24 alipotoa sehemu ya kwanza ya Elementos de Chimica, Coimbra, mwaka 1788. Ukiweka tarehe sambamba utaelewa kwa nini nasimama hapa kwa muda. Majina mapya ya Paris yalitoka 1787. Kitabu kikuu cha Lavoisier mwenyewe kilitoka 1789. Katikati yao yuko kijana wa Minas, anaandika kemia mpya kwa Kireno, wakati wakemia wengi wa Ulaya bado wanaitetea flojisto. Sehemu ya pili ilitoka 1790. Na kitabu hicho alikitoa kwa heshima ya chama cha wasomi cha Rio de Janeiro, nyumbani kwao, mahali ambapo kisingeweza kuchapishwa.

Mwaka 1801 alitoa kitabu kingine, Lisbon, katika matbaa ya Arco do Cego iliyosimamiwa na mtawa José Mariano da Conceição Veloso, naye pia wa Minas Gerais. Kichwa chake kinataja lugha tatu: majina ya kemia kwa Kireno, Kifaransa na Kilatini. Watu wa istilahi, hilo tulitazame. Seabra hakuridhika kuyachukua maneno ya Kifaransa na kuyavalisha mkia wa Kireno moja kwa moja. Aliweka Kilatini kando yake kama kipimo, kwa kuwa Kireno ni mtoto wa Kilatini, na neno lililopimwa hapo linakaa kwa utulivu kuliko lililookotwa njiani. Alifariki mwaka 1804, akiwa na miaka kama 40.

Alichokijenga ni familia. Asidi ya salfa yenye oksijeni nyingi ni ácido sulfúrico, yenye chache ni sulfuroso. Chumvi ya ile ya kwanza ni sulfato, ya hii ya pili ni sulfito. Mwanafunzi akizijua tamati hizo, -ico na -oso, -ato na -ito, anaweza kulisoma jina ambalo hajawahi kuliona, akajua kitu kimejengwaje. Óxido na oxidar vimo ndani ya mpangilio huohuo: oxidar ni kitenzi, oxidação ni jina la tendo lenyewe, oxidante ni kinachotenda, oxidado ni kilichotendwa. Kireno kilipata hayo yote bila kutunga neno jipya kila mara. Anayejua sarufi ya vitenzi vya -ar anakinyambua kitenzi hiki siku ya kwanza anapokisikia.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Davy alipoonyesha kosa, kosa lilikuwa katika maana ya mzizi. Mpangilio haukuguswa. Wakemia walikuwa wamekwisha kuuzoea ukoo mzima, na kung'oa mzizi kungeporomosha maneno yote yaliyouegemea. Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimekaa katika vikao vya istilahi vya kwetu ambako neno zuri, lenye vinyambuliwa tayari vinywani mwa walimu, linakataliwa kwa hoja kwamba asili yake haielezi kitu kwa usahihi. Oxidar haielezi kwa usahihi tangu 1810.

Na maana yake imeendelea kusogea. Mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, chembe ndogo mno ya umeme iliyomo ndani ya atomi, na katika karne ya 20 wakemia wakaona kuwa chuma kinapoungana na oksijeni jambo la msingi ni kwamba chuma kimepoteza elektroni. Basi wakaliita hilo ndilo oxidar: kupoteza elektroni, oksijeni iwepo isiwepo. Choma sodiamu ndani ya klorini. Sodiamu imeoksidishwa, na hakuna chembe ya oksijeni chumbani. Tumbukiza kipande cha zinki katika mmumunyo wa salfati ya shaba, zinki inaoksidishwa, shaba nyekundu inajitokeza juu yake. Kitenzi kimeanza kwa kuitaja oksijeni kama mzaa asidi, kikaacha asidi, kisha kikaiacha hata oksijeni yenyewe. Walimu wa kemia, mwanafunzi anapokwama na kusema "lakini oksijeni iko wapi?", hajakosa akili. Analisikiliza neno.

Mwenzi wake ni reduzir, na huyu nyumbani kwake ni tofauti kabisa. Ni Kilatini reducere, kurudisha. Ni neno la wafua madini. Mawe ya shaba yakichomwa na makaa, fundi aliona shaba "inarudi" kuwa shaba, kwa hiyo alisema ameirudisha. Leo reduzir ni kupata elektroni, na wanafunzi wengi wanachanganyikiwa kwa sababu Kireno cha kila siku hulitumia kwa maana ya kupunguza: inakuwaje kitu "kipungue" kwa kuongezewa elektroni? Ukikumbuka tanuu la fundi, fumbo linafumbuka. Vitenzi hivi viwili hufundishwa kama pacha. Mmoja alitungwa na wasomi mezani Paris, mwingine alitoka karakana yenye moshi karne nyingi kabla yake.

Jambo moja la pembeni kwa wanafunzi wa lugha. Wabrazil humfundisha mtoto kuwa neno lenye mkazo katika silabi ya mwisho ni oxítona. Ni oxys ileile, safari hii kwa maana ya sauti iliyochongoka. Oxidar kwa hiyo ni oxítona, na nomino yake óxido, yenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, ni proparoxítona. Mtoto mmoja anaukuta mzizi huo saa ya lugha, kisha anaukuta tena saa ya kemia, na mara nyingi hakuna anayemwambia kuwa ni kitu kimoja.

Mtaani kitenzi hiki kina mpinzani. Chuma cha mlango kikiharibika, Mreno atasema enferrujar, kutoka ferrugem, kutu, na ferrugem inatoka katika neno la Kilatini la kutu lenye chuma ndani yake. Ni kama sisi tunavyosema chuma kimeota kutu, hatusemi kimeoksidika. Lakini jikoni watu wanasema inox kutwa kucha, kifupi cha inoxidável, kisichooksidika: sufuria ya inox, sinki la inox, zile sisi tunaziita za stenlesi. Na hapo pana jambo ninalopenda kulirudia. Chuma kile kina kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, na kromiamu hiyo huungana haraka na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba mno usioonekana, nao ndio unaokinga chuma kilicho chini. Kisichooksidika kimepona kwa sababu uso wake umeoksidika. Ukiukwaruza, utando unajitengeneza upya.

Mfano wangu wa mwisho ni wa mvinyo, neno ambalo sisi wenyewe tulilipata kwa Wareno, vinho. Mvinyo ukiachwa wazi unageuka siki. Bakteria huioksidisha alkoholi na kuifanya asidi. Wareno kwa kitendo hicho wana azedar, kuchacha, kutoka Kilatini acetum, siki, ambalo nalo ni la ukoo wa acidus. Katika chupa hiyo Lavoisier hakukosea: oksijeni imeingia, na ukali umezaliwa. Na kisiwani Madeira hawauogopi kabisa mkutano wa mvinyo na hewa. Wanauongezea pombe kali, wanaupasha joto au kuuacha mapipani miaka mingi chini ya mapaa yanayopigwa na jua, unaoksidishwa kwa makusudi, na mvinyo huo huweza kuishi zaidi ya miaka 100.

Kuna mwalimu aliyeniuliza kabla hatujaingia ukumbini kama Wareno na Wabrazil wanakubaliana juu ya maneno haya. Si yote. Naitrojeni ni azoto Lisbon na nitrogênio Rio. Oksijeni wanaiandika oxigénio Ureno na Msumbiji, oxigênio Brazil, kwa alama tofauti juu ya e kwa kuwa matamshi yao yanaachana hapo. Sulfureto wa Ureno ni sulfeto kwa Mbrazil. Lakini oxidar inaandikwa vilevile Lisbon, Rio, Luanda, Maputo na hata Dili huko Timor Mashariki, na wageni wetu wataniambia katika maswali inatamkwaje Pemba ya Msumbiji na Mocímboa da Praia, ambako mtoto huenda shuleni akiwa na Kimwani au Kiswahili mdomoni. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nakurudishia kikao.